Gari la Kiriri na Moto Uliochelewa

Nisikilize, wewe ambaye gari lako la zamani limeanza kuishiwa nguvu mlimani na bomba lake la moshi linachemka kuliko kawaida. Na wewe usiye na gari kaa pia, maana nitaeleza polepole na hakuna jambo humu linalohitaji shule kubwa. Injini inavuta hewa, inaikandamiza, inachoma, inatoa moshi. Ukishika hayo manne, umeshika karibu yote ninayoyajua, na mimi nimefanya kazi hii ya ufundi magari hapa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, zaidi ya nusu ya umri wangu. Hata hivyo gari moja jeupe kutoka Kiriri, mtaa wa mlimani, lilinitembeza huku na huko karibu wiki nzima, nikawa siwezi kumaliza hata kikombe cha chai nimekaa.

Kwanza nikueleze desturi ya mtaa wetu, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kosa langu. Hapa kwetu mafundi wengi wanafanya kazi bega kwa bega, na gari moja linaweza kupita kwa watu wanne kwa mwaka. Likiharibika, ugomvi wa kutafuta nani alikosea unaweza kula siku nzima. Kwa hiyo tuna sheria ambayo haikuandikwa popote: mkono wa mwisho ndio unaojibu. Aliyegusa gari mwisho ndiye mwenye kosa, basi. Na gari likirudi baada ya matengenezo tunaliegesha pua ikitazama ukuta wa huyo fundi, wapita njia wote waone. Sheria hii inaokoa muda. Mimi mwenyewe niliitetea mbele ya wateja mara nyingi, na nilimfundisha shemeji yangu siku ya kwanza alipokuja kufanya kazi kando yangu.

Shemeji huyu ni mume wa mdogo wangu wa kike. Alikaa miaka mingi ukimbizini Tanzania, akajifunza kutengeneza turbo za malori huko Kigoma, na mkono wake kwenye kazi hiyo ni mzuri kuliko wangu. Aliporudi Bujumbura alikuta mafuta hayapatikani. Magari yalikuwa kwenye foleni za vituo, hayakuwa kwa mafundi. Miezi ikapita akitengeneza vitu vidogo vidogo, akaanza kusema kwamba kule Kigoma kuna karakana inamsubiri. Mdogo wangu hakubishana naye. Ila nilimwona akifua nguo za mumewe, akizikunja, na badala ya kuzirudisha kabatini akawa anazipanga kwenye mkoba mweusi ulio nyuma ya mlango.

Gari jeupe ndilo lilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza tangu arudi. Ni gari dogo la petroli, la zamani, lenye turbo. Turbo lake lilikuwa linakula oili na kutoa moshi wa bluu. Shemeji alilifungua, akabadilisha bushi zake, akalifunga. Alifanya kazi hiyo siku tatu akiwa amenyamaza, na kwake kunyamaza ni kama kufunga saumu.

"Gari hii ikipanda muzuri," aliniambia alipomaliza, "watu wa Kiriri watajua mi niko. Ikirudi, Jumamosi napanda basi ya Kigoma. Nimeshachoka kusubiri."

Gari lilirudi Jumanne.

Mwenye gari ni mama mmoja anayefanya kazi ofisini Rohero, katikati ya mji, na kuishi Kiriri, sisi sote tunamwita Madamu. Alishuka, akafunga mlango taratibu, akamtazama shemeji.

"Hii turbo munasema mumetengeneza, iko wapi?"

"Iko ndani, Madamu."

"Ndani ya nini? Leo nikiwa napanda, mutu wa baiskeli alikuja akashika gari yangu nyuma, vile wanashikaka malori. Alinishika kidogo, akaona tunachelewa, akaniacha akatafuta gari ingine."

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Shemeji hakucheka.

"Na iko ingine," Madamu akaendelea. "Chini ya kiti ya mama yangu kapeti inanuka moto. Mama anasema miguu yake inapikwa. Mbele ya kutengeneza haikuwa hivyo. Ilikuwa inatoa moshi, ndiyo, lakini ilikuwa haiunguze mutu."

Jirani yetu, fundi umeme wa magari, alikuwa ameinama kwenye betri ya mtu mwingine. Hakuinua kichwa.

"Mukono wa mwisho," alisema.

Madamu alitupa muda mpaka Ijumaa. Baada ya hapo angelipeleka gari kwenye karakana moja mjini, na akiulizwa limetoka wapi angesema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye mama mzee anayehitaji kushushwa mjini na kupandishwa nyumbani. Shemeji akaliingiza gari, akaligeuza, pua ikatazama ukuta wake.

Sasa tuanze kutafuta pamoja, kama tulivyofanya sisi, ili nawe ujue njia. Gari lenye turbo likikosa nguvu na huku bomba la moshi limeungua, usikimbilie kufungua kila kitu. Jiulize: je, hewa inaingia yote? Je, moshi unatoka wote? Je, mafuta ni mazima? Na je, moto unawaka kwa wakati wake? Maswali ni hayo tu. Kosa letu ni kwamba tuliuliza matatu ya kwanza kwa bidii kubwa, na la nne hatukulikaribia.

Jumatano asubuhi shemeji alifungua bomba la hewa linaloingia kwenye turbo. Turbo si uchawi. Ni mapanga mawili madogo kwenye mti mmoja wa chuma. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha panga la kwanza, na la pili linasukumia injini hewa safi. Ukitaka kujua kama ni zima, subiri injini ipoe kabisa, kisha shika ncha ya ule mti kwa vidole. Uzungushe, uone kama unakwenda laini. Ujaribu kuupandisha na kuushusha. Ukichezacheza mpaka panga likagusa ukuta, turbo limekwisha.

"Shika mwenyewe," shemeji akaniambia.

Nilishika. Ulizunguka kimya, haukugusa mahali.

"Iko nzima," nilisema.

"Sema na nguvu. Pale hawakusikia."

Nilisema kwa sauti. Fundi umeme akajibu kutoka upande wa pili kwamba basi ni esansi, yaani petroli. Usimcheke. Miaka hii ya uhaba ilituzoesha sote kulaumu esansi. Gari likikohoa, esansi. Likizima, esansi. Mke wake akiunguza wali, alituambia, naye anasema ni esansi. Lakini vituo vilikuwa vimeshaanza kupata mafuta mazuri, na Madamu alikuwa amejaza kituoni, si barabarani. Hata hivyo tulimwaga yaliyokuwa kwenye tangi, tukaweka mengine tuliyoyapima kwa macho na kwa pua, tukabadilisha na chujio. Shemeji akapanda nalo mpaka mwanzo wa mlima, akarudi akitikisa kichwa.

Tukageukia hewa. Mabomba ya mpira yanayotoka kwenye turbo kwenda injini yanapasuka kwa uzee, na hewa iliyosukumwa inatorokea njiani. Ufa mwingine hauonekani kwa macho. Njia yetu ni rahisi: tunaziba mdomo wa bomba, tunatia upepo kidogo wa kompresa, kidogo sana usije ukararua kitu, kisha tunapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Panapovuja, povu linafura. Nilizunguka gari lile na kopo la sabuni kama mwosha vyombo. Tukapata kiungo kimoja kilicholegea. Nilikaza kile kibano mwenyewe, nikamwambia shemeji aende tena mlimani, nikasimama barabarani kumsubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Alirudi. Aliegesha pua kwenye ukuta bila mtu kumwambia.

"Sawa sawa na jana," alisema.

Alhamisi asubuhi tukauliza kuhusu moshi. Gari la zamani linaweza kuoza ndani ya kizibo cha sauti, lile kopo kubwa la bomba la moshi, yale mabati ya ndani yakaanguka yakaziba njia. Moshi usipotoka vizuri, injini inakosa pumzi na joto linarudi nyuma. Tulifungua kiungo cha mbele, tukaacha moshi utokee hapo hapo chini ya injini, tukawasha. Kelele zilifika mbali. Mdogo wangu alikuja kutoka nyumbani, mitaa miwili, akiwa na sahani ya chakula imefunikwa kwa kitambaa, akasimama akaziba masikio kwa mabega. Shemeji alikwenda na ngurumo hiyo mpaka chini ya Kiriri na kurudi. Bomba lilikuwa wazi kabisa na gari bado halina nguvu.

Mdogo wangu alinisogelea.

"Kaka, nikuulize kitu. Nguo nizitoe mu mukoba ao niziache?"

"Ngoja mpaka kesho."

"Minangoja tangu Jumanne," alisema. "Nikipita pale mulangoni nakwaza ule mukoba. Kila siku nakwaza."

Nilikwenda kufunga lile bomba ili mikono iwe na shughuli.

Adhuhuri mvua ilishuka kutoka milimani. Unajua mvua zetu: Kiriri inafutika kwanza, halafu Rohero, halafu unasikia mabati ya majirani yanaanza kabla ya yako. Kibanda chetu kikawa giza kama jioni. Shemeji aliwasha injini, akakanyaga mafuta kwa kipimo, si sana, akashikilia hapo dakika chache, kisha nikafungua boneti.

Bomba la kwanza la moshi, lile la chuma kizito lililoshikana na injini, lilikuwa jekundu. Halikuwa jekundu la kutu. Lilikuwa jekundu la mkaa unaopulizwa, na wekundu huo ulikuwa unaingia taratibu kwenye ganda la turbo. Bati letu lina tundu. Tone moja la mvua lilipita, likaanguka juu ya chuma, likatoweka kabla halijatulia.

Shemeji alizima injini. Akakaa juu ya tairi kuukuu.

"Turbo yangu inaiva," alisema. "Mi ndo niliikosea. Kuna mahali nimefunga vibaya, sijui wapi. Wacha niende tu, shemeji. Kule Kigoma naweza anza upya, hawajasikia."

"Kula kwanza."

"Kula we. We ndo unazunguka."

Alikwenda kusimama kwenye mlango wa kibanda akitazama mvua, mgongo umenielekea. Mdogo wangu alikuwa ameshaondoka na mwavuli wake. Nami nikabaki na gari lile, nikilizunguka kweli, mbele, nyuma, mbele, kama mtu aliyepoteza funguo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Wakati mwingine ninapomweleza mteja jambo ndipo ninapolielewa. Siku ile sikuwa na mteja, nikajieleza mwenyewe. Nilisema: joto ni kazi. Mafuta yanaungua, yanatoa kazi. Kazi hiyo ingekwenda kwenye magurudumu, gari lingepanda. Haikwenda. Je, imepotea? Haikupotea, ile pale, imekuwa nyekundu kwenye bomba. Kwa hiyo moto upo, tena mwingi. Ila unawakia mahali pasipo pake.

Fikiria mtu wa baiskeli anayepanda na mzigo wa ndizi. Anakanyaga pedali ikiwa ndiyo kwanza imepita juu, na uzito wake wote unamsukuma mbele. Sasa afanye kosa, achelewe, akanyage pedali ikiwa imekaribia chini. Amechoka vilevile, ametoka jasho vilevile, lakini baiskeli haikupata kitu. Injini ni hivyo hivyo. Cheche ya plagi inatakiwa iruke kabla kidogo pistoni haijafika juu, ili moto uwe umeshika vizuri pistoni inapoanza kushuka. Cheche ikichelewa, pistoni imeshakwenda zake. Mlango wa moshi unafunguka na moto bado unawaka, unatoka nje mzima mzima, unapika bomba.

Na nani anaamua saa ya cheche? Kwenye gari la umri ule ni delko, kile chombo cha duara kinachogawa umeme kwa kila plagi. Kimeshikwa na bolti. Ukiilegeza, delko linageuka kidogo kwa mkono: upande huu cheche inawahi, upande ule inachelewa.

Nilichukua kitambaa, nikainama, nikafuta vumbi na oili kwenye shingo ya delko ili nione limekaa wapi.

Palikuwa na mkwaruzo wa msumari. Mstari mfupi juu ya delko, na mstari wa pili chini, kwenye chuma cha injini. Siku ulipochorwa ulikuwa mstari mmoja ulionyooka. Sasa vipande vyake viwili vilikuwa vimeachana karibu upana wa kidole. Na pembeni ya kipande cha juu palikuwa na nukta.

Mtaani kwetu kila fundi ana alama yake. Yule anachora msalaba, huyu anachora herufi. Mstari na nukta ni mimi.

Yalinirudia yote kwa mara moja, kama harufu. Ulikuwa wakati mafuta yamekosekana kabisa. Madamu alikuja na petroli aliyoinunua barabarani kwenye bidoni, yaani dumu la plastiki, imechanganywa na kitu, labda mafuta ya taa. Injini ilikuwa inagonga alipokanyaga, sauti ya kokoto ndani ya kopo. Mafuta mabaya yanafanya hivyo, yanawaka yenyewe kabla ya wakati, na kugonga huko kunaweza kutoboa pistoni. Nilichora mstari wangu, nikalegeza bolti, nikachelewesha cheche. Kokoto zikanyamaza. Alinishukuru, nikamwambia aende polepole. Je, nilimwambia arudi mafuta mazuri yakipatikana? Ningependa kukuambia ndiyo. Sina hakika. Siku zile tuligeuza delko nyingi sana, kila mtu alikuja na bidoni yake, na nadhani mafundi wengi mjini walifanya kama mimi, wakasahau kama mimi.

Na kwa nini bomba halikuungua zamani zile? Kwa sababu turbo lilikuwa limechoka. Hewa ilikuwa kidogo, mafuta kidogo, moto kidogo. Madamu naye alitembea taratibu na mara chache. Kisha shemeji akalifufua turbo, hewa ikaingia tele, mafuta yakafuata, moto ukawa mkubwa, na wote ukachelewa kwa kipimo nilichouchelewesha mimi. Kazi yake nzuri ndiyo iliyoonyesha kazi yangu niliyoiacha nusu.

Spana namba kumi na mbili ilikuwa mfukoni mwangu. Nikuambie ukweli, maana umenisikiliza mpaka hapa. Nilifikiria. Ilikuwa ni kazi ya dakika moja. Shemeji alikuwa amenipa mgongo, mvua ilikuwa inapiga kelele, hakuna ambaye angesikia bolti ikilegea. Gari lingepanda Kiriri kesho yake, na mtaa mzima ungesema nimelirekebisha gari lililomshinda shemeji yangu. Yeye angepanda basi, nami ningebaki fundi hodari. Nililizunguka gari mara tatu nyingine. Mara ya tatu nilikanyaga sahani ya chakula aliyoiweka mdogo wangu chini, ikapinduka.

"Shemeji," nikaita. "Kuja uone."

Alikuja. Nikamuonyesha kwa ncha ya msumari. Alitazama, akanitazama, akainama tena.

"Huyu nukta ni wa nani?"

"Unamujua."

"Nataka unitajie."

"Ni wangu. Wakati wa bidoni. Niligeuza, sikurudisha."

Alinyooka. Alifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Siku tatu," alisema, "unanizungukia na kopo ya sabuni."

"Ndiyo."

"We ulinifundisha mukono wa mwisho. Ulinikalisha pale, ukanifundisha kama mutoto ya Kurani."

"Ndiyo, shemeji."

"Na chakula yangu umemwaga."

Hapo ndipo kona ya mdomo wake ilipotikisika, kidogo tu. Nilichukua spana nitengeneze, akanishika mkono.

"Apana. Usiguse. Kesho, Madamu akiwa hapa. Na huyu wa betri akiwa hapa."

"Hasa huyu wa betri," nilisema.

Ijumaa Madamu alikuja mapema kuliko tulivyotarajia, amevaa nguo za ofisi, na kwenye uso wake niliona kwamba uamuzi wa kulipeleka gari mjini ameshaufanya. Nilimwomba dakika chache. Nikamwita fundi umeme. Nikasema mbele yao: turbo ni zima, tangu siku lilipofungwa ni zima. Kosa ni langu, la wakati ule ulipokuja na bidoni. Nikawaonyesha mistari miwili iliyoachana. Nilieleza habari ya baiskeli na pedali, na Madamu akaelewa haraka kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha.

"Kwa hiyo miguu ya mama yangu ulipika we," alisema.

"Ni mimi, Madamu."

"Mi nitamwambia. Atakutafuta yeye mwenyewe, anaweza kutukana muzuri."

Fundi umeme alikuwa amekunja mikono. Nilidhani atanicheka, lakini alisema jambo moja tu, kwamba gari linatazama ukuta usio wake. Mtaa wetu unapenda utaratibu. Basi tuliwasha gari, tukalitoa kwenye ukuta wa shemeji, tukaligeuza, tukaliegesha pua ikitazama ukuta wangu. Watu wawili watatu waliokuwa wakipita walipunguza mwendo. Mmoja aliuliza, akajibiwa. Nikaona masikio yangu yanapata moto kama lile bomba, na nikaacha yapate.

Ndipo tukalegeza bolti. Hatukugeuza kwa kukisia. Tuliacha injini ipate joto lake la kazi, tukaunganisha ile taa inayomulika kila cheche inaporuka, tukaimulika kwenye gurudumu dogo la mbele la injini, lile la mkanda, lenye alama za kiwandani. Shemeji alishika delko, mimi nikashika taa. Kidogo. Kidogo tena. Rudi. Hapo. Nilipotazama shingo ya delko, mistari yangu miwili ilikuwa imekutana, isipokuwa unywele mmoja.

"Kaza," nikasema, na akakaza yeye.

Tulipanda Kiriri watatu: Madamu anaendesha, shemeji mbele kwenye kiti cha yule mama mzee, mimi nyuma. Nilimwambia Madamu azime redio. Ukirudisha saa ya cheche lazima usikilize, maana ukizidisha upande wa pili zile kokoto zitarudi. Barabara ilianza kuinuka. Nilishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Mahali ambapo gari lilikuwa linaomba gia ya chini, Madamu alikanyaga tu, na nikasikia ule mluzi mwembamba wa turbo unaamka, na mgongo wangu ukasukumwa kwenye kiti. Hakuna kokoto. Kuta za nyumba kubwa zilipita, kona moja, kona nyingine, na ziwa likaanza kuonekana nyuma yetu juu ya mabati ya mji. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa kama anasali, ila alikuwa anasikiliza.

Juu kabisa Madamu alisimama. Shemeji alishuka, akafungua boneti. Bomba lilikuwa la moto, kama linavyopaswa kuwa, lakini lilikuwa na rangi yake ya chuma. Kisha akarudi, akainua kapeti ya mbele, akaweka kiganja kwenye sakafu ya gari. Akakiacha pale.

"Unaweza kumwita mama," alisema.

Madamu alimgeukia.

"Jirani yangu wa geti la kijani," alimwambia, "gari yake nayo inatoa moshi wa bluu. Nitamwambia wapi uko. Utakuwa uko?"

Shemeji alikwenda kufunga boneti. Mimi nikaangalia ziwa, nisije nikaonekana nasubiri jibu.

Jumamosi basi la Kigoma huondoka asubuhi. Sikuweza kukaa kazini. Nilitafuta sababu, nikachukua sahani ya mdogo wangu iliyopinduka, nikaipeleka nyumbani kwake kana kwamba ni kitu cha haraka. Nguo za mumewe zilikuwa kwenye kamba, zimefuliwa upya, zinadondosha maji. Nilimuuliza kwa nini amezifua tena wakati zilikuwa safi.

"Zilinuka mukoba," alisema, akachukua sahani.

Shemeji alikuwa ndani, amepiga magoti, anapanga spana zake ndogo za turbo kwenye ule mkoba mweusi, kila moja kwenye kitambaa chake. Aliniona. Akaniambia kwamba gari la geti la kijani linakuja saa nne, na kwamba nisiliguse.

Kwa hiyo, fanya hivi. Ukilazimika kuchelewesha cheche kwa ajili ya mafuta mabaya, chora mstari wako kwanza, kisha andika kwenye kipande cha karatasi umegeuza nini na kwa nini, ukibandike upande wa ndani wa boneti. Siku utakapojaza mafuta mazuri, fungua boneti, soma, rudisha mstari ukutane na mwenzake, pima kwa taa, halafu ndipo ubandue karatasi.